Kengele ya Mlangoni kwa Yunis

Ukitaka kumwona Yunis Shemhilu amefura, thubutu kumwambia kwamba kaka yake Sefania alikuwa mvivu. Ataweka jembe chini, atakaza khanga kiunoni, na hapo utasimama umsikilize mpaka amalize, hata kama ulikuwa unawahi msibani. Na haki anayo. Sefania alilima viazi kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupita kwa uangalifu, na hakuna mwaka aliokwenda kuomba mbegu kwa mtu. Kosa lake lilikuwa moja tu: akishtuliwa na kelele ya ghafla, alianguka.

Kwao walikuwa wanaanguka. Si wote, na si kila siku, lakini walikuwa wanaanguka. Baba yao alianguka Lushoto mjini kwenye sherehe za Uhuru, baruti zilipolipuliwa, na hakuinuka tena. Watu wakarudi Kwembago wakisema mzee amekufa kwa furaha. Furaha gani, jamani? Mtu ametoka nyumbani alfajiri kwa miguu, amevaa koti lake la kanisani, hajatia kitu tumboni, anashtuliwa na mlipuko, anakufa, halafu mnasema furaha! Yunis alikuwa msichana tu wakati ule, ila alikasirika tangu siku hiyo, na hasira yenyewe haijaisha.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Kwembago, ng'ambo ya bonde ukitokea Mgwashi, ilikuwa nyumba moja moja zilizotawanyika juu ya vilima, kila mtu na migomba yake. Zikavunjwa, watu wakajenga pamoja kwenye tambarare kando ya barabara. Yunis akapata kiwanja jirani na ofisi ya kijiji, na Sefania akajenga nyuma yake. Mumewe Yunis, Kristofa Shemhilu, alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko chini na alikuja nyumbani kwa nadra, kwa hiyo kukaa karibu na kaka yake kulimfaa sana. Mbele ya mlango wake palikuwa na mkaratusi mrefu. Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji, Tobia, alipotundika rimu ya lori iwe kengele ya kuwaita watu shamba la kijiji.

Rimu ile ikipigwa kwa nondo, mlio wake ulivuka bonde ukasikika Mgwashi. Sasa fikiria aliyelala hatua chache kutoka hapo. Siku za mwanzo tu Sefania alianguka uani, uso ukajaa tope, akainuka baadaye akitetemeka. Tobia akamnyooshea nondo mbele ya kijiji kizima.

“Mnamwona? Kazi ikiita, yeye analala. Huyu ndiye kupe tunayemsema kwenye mikutano!”

Watu wakacheka. Basi jina likamganda. Mwanamume mwenye viazi vingi kuliko hao waliomcheka akawa Kupe, na watoto wadogo wakamwimbia njiani.

Yunis hakunyamaza, maana kunyamaza hakukuwa tabia yake. Alimwendea Tobia ofisini akamwomba ile rimu ihamishwe, itundikwe huko kwenye kona ya shamba, kazi inakofanyika. Lakini ilikuwa hivi: Tobia alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake, na huko kwetu binamu ni mtani. Mtani unamtania, unamnyang'anya kofia, unamwambia mbele za watu kwamba kichwa chake kama chungu kilichoungua, naye hana ruhusa ya kukasirika. Ni jambo zuri, linapunguza uzito wa maisha. Ila lina ubaya wake. Neno la mtani, hata liwe zito namna gani, watu huliona mchezo.

“Mwe! Mtani wangu huyu,” Tobia alisema, akawageukia waliokuwa ofisini. “Anataka kulala mpaka jua limchome. Kengele ya taifa imsubiri yeye aamke!”

Ofisi nzima ikacheka. Yunis alitoka pale akilia kwa hasira, na wale walioona machozi wakadhani naye amecheka mpaka akatoa machozi.

Siku aliyokufa Sefania, alikuwa amesimama chini ya mkaratusi, jembe begani, mgongo ameupa mti, anamweleza dada yake jinsi ukungu ulivyoanza kula majani ya viazi. Tobia alitokea nyuma. Hakusalimia, hakukohoa, alinyanyua nondo akagonga. Sefania alidondoka sentensi ikiwa bado mdomoni.

“Inuka, Kupe,” Tobia akasema. “Acha maigizo.”

Wengine waliokuwa wanakuja na majembe yao wakasimama kungoja maigizo yaishe. Walisimama pale, watu wazima, wanatabasamu, wanangoja. Aliyemgeuza Sefania ni Yunis, naye ndiye aliyeona kwamba hapumui. Hilo ndilo linalomnyima Yunis usingizi kuliko hata kifo chenyewe, kwamba kaka yake alikufa huku watu wakitabasamu.

Baada ya matanga alisimama kwenye mkutano wa kijiji, khanga nyeusi mwilini, akasema tena: “Hamisheni ile kengele. Nina mtoto.” Mtoto mwenyewe ni Klara, binti yake wa pekee, mwenye umri wa kwenda darasa la nne, ambaye alikuwa ameshaanguka. Mara moja upepo ulipoufunga mlango kwa kishindo, na mara nyingine kwa ile ile rimu. Yunis alikuwa anamwamsha mwenyewe kila alfajiri kabla ya kengele, anampeleka mtoni akiwa na usingizi machoni, ili mlio umkute mbali.

Safari hii Tobia hakufanya mzaha. Alifanya kitu kibaya zaidi, aliongea kwa upole. “Mtani wangu amefiwa, tumvumilie. Lakini kengele imewekwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mtu mmoja hawezi kuhamisha maendeleo ya watu wote.” Wakampigia makofi.

Habari za kifo kile zilifika hospitali ya misheni kupitia muuguzi mmoja, Zuhura, aliyekuwa amekuja kuzika. Zuhura alisikiliza jinsi baba alivyoanguka na mwana alivyoanguka, akarudi akamweleza daktari. Daktari huyu alikuwa Mzungu, mgeni, Kiswahili chake cha kuombea maji tu. Alikuja na mashine ya kuchora mwendo wa moyo, na dawa mpya iliyokuwa inajaribiwa kwa watu wenye mioyo ya namna hiyo, ugonjwa adimu ambao mtu anazaliwa nao na kuwarithisha wanawe.

Daktari akapanda Kwembago. Watu wakakusanywa chini ya rimu ile ile. Akaongea Kiingereza kwa muda mrefu, anaonyesha kifua, anaonyesha vidole, mara anainua chupa mbili zinazofanana, mara anatikisa kichwa kwa uzito. Mkalimani alikuwa nani? Tobia, mwenyekiti, msomi wa kijiji. Daktari alipomaliza, Tobia akakohoa.

“Daktari anasema watu wa ukoo wa marehemu Sefania waende hospitali wakapewe dawa. Kumeza asubuhi na jioni.”

“Mbona yeye kasema mengi?” Yunis akauliza.

“Mengine ni salamu, mtani.”

Wakacheka, kama kawaida yao.

Land Rover ya hospitali ilipokuja, baba yao mdogo, mzee Silvano, akasimama mlangoni mwa gari kupanga nani apande. Watoto wa Sefania wakapanda, pamoja na yule mkubwa ambaye hata ungempasulia baruti sikioni angekuuliza una shida gani. Yunis akapanda, maana yeye ni binti wa nyumba ile. Akamvuta Klara mkono. Silvano akamteremsha.

“Huyu ni wa akina Shemhilu,” alisema, wala hakusema kwa ubaya. “Ukoo ni wa baba. Hawa tuliowaita ni wa kwetu.”

Watu wote waliokuwa pale walikubali kwa kichwa. Lipi la kubishana? Mtoto ni wa kwa baba yake, ndivyo ilivyo tangu zamani, na mahari yalitolewa kwa sababu hiyo. Yunis mwenyewe alikuwa amelijua hilo maisha yake yote na halijawahi kumkera. Gari likaondoka, naye akiangalia nyuma, Klara amesimama peke yake chini ya mkaratusi. Hapo ndipo lilipoanza kumwingia akilini: huyu wa akina Shemhilu, moyo wake kauchukua kwa nani? Mbona huko kwa akina Shemhilu hakuna hata kuku anayeanguka?

Hospitalini walimlaza kitandani, wakambandika nyaya, mashine ikachora. Akapewa chupa yake ya vidonge vidogo vya rangi ya waridi. Alimwomba muuguzi wa zamu chupa nyingine kwa ajili ya mwanawe, akajibiwa dawa ni ya waliochorwa moyo tu. Jioni, nyumbani, alikaa jikoni na kidonge kiganjani, Klara anachochea moto. Yunis hakufikiri sana. Alimwambia, “Fungua mdomo.”

Na ikawa hivyo kila asubuhi na kila jioni. Chupa ilikuwa ya Yunis, mmezaji alikuwa Klara. Yunis mwenyewe alijitia pamba masikioni akajikabidhi kwa Mungu. Jambo la kumfurahisha ni kwamba Klara hakuanguka. Mama akalegea. Akaacha kumpeleka mtoto mtoni alfajiri, kwa nini amtese kwa umande na dawa anayo? Akamwacha alale, rimu inagongwa mlangoni, na mtoto anaamka salama. Yunis aliimba kanisani kuliko wote.

Siku ya kurudi hospitali kuchunguzwa, alikwenda na Klara pembeni yake, liwalo na liwe. Tobia naye alikuja, ati kusimamia watu wake. Lakini safari hii aliyetafsiri ni Zuhura. Daktari akamlaza Yunis kitandani, akambandika nyaya, akahesabu mapigo, akatazama karatasi ya mashine, akakunja uso.

“Anauliza kama unameza,” Zuhura akasema.

“Sijameza hata kimoja. Nimempa mwanangu.”

Zuhura akatafsiri. Daktari akawa mwekundu mpaka masikio. Akasema maneno, na Zuhura akayaleta yote, bila kupunguza: kwamba Yunis ameharibu jaribio, kwamba siku ile kijijini alieleza wazi kuwa nusu ya chupa zina dawa na nusu ni vidonge vitupu vya kulinganishia, kwamba hata yeye hajui nani kapata ipi, na kwamba kila mtu aliulizwa kama anakubali.

Yunis aliinuka kitandani, nyaya zikamning'inia kifuani.

“Nani kaulizwa? Mimi? Niliambiwa asubuhi na jioni, basi! Mengine niliambiwa ni salamu!” Alimwangalia Tobia, Tobia akaangalia dirisha. “Vitupu? Vitupu kivipi? Mtoto wangu nimemwacha alale chini ya kile chuma, nikijua ana dawa tumboni, kumbe labda nimempa unga? Ebo! Mwambie huyu daktari, Zuhura, mwambie hivi hivi ninavyosema: kama alitaka kujua mtu wa kwetu anafanyaje bila dawa, angekwenda makaburini. Tuko wa kutosha.”

Zuhura alitafsiri. Daktari akakaa chini. Akamwita mtunza dawa, ambaye yeye peke yake ndiye aliyejua chupa ipi ina nini. Wakanong'ona. Daktari akageuka, akasema kwa Kiswahili chake kibovu, mwenyewe, “Mama, chupa yako, tupu. Pole.”

Yunis alimshika Klara kichwani, akamkandamiza kifuani mpaka mtoto akalalamika. Asubuhi zile zote, kumbe mtoto alikuwa analindwa na bahati tu. Pole! Pole haimezwi asubuhi na jioni.

Wakamlaza Klara, mashine ikachora. Daktari hakuhitaji kutazama mara mbili. Alimwonyesha Yunis karatasi na kumweleza kupitia Zuhura: moyo wa mtoto ukishapiga unachelewa kujiweka tayari kwa pigo linalofuata, na ukishtuliwa katikati ya kujiweka sawa, unachanganyikiwa, kama mtu aliyeinama kufunga viatu akasukumwa. Kisha akauliza, kwa hasira sasa, kwa nini mtoto huyu hakuletwa tangu mwanzo. Alikuwa amesema watu wote wa damu ile, watoto wa wanaume na watoto wa wanawake pia.

“Watoto wa wanawake pia,” Zuhura akarudia, polepole, kwa Kiswahili.

Mpaka leo Yunis hajui kama Tobia alisahau maneno hayo kwa sababu ya mila, kama mzee Silvano na sisi wote tulivyosahau, ama aliyameza makusudi. Alichokijua saa ile ni kwamba Tobia alikuwa anaanza kutabasamu.

“Mtani wangu huyu, mnamjua kwa maneno...”

“Zuhura,” Yunis akamkata, “mwulize daktari kama anajua mtani ni nini. Mwambie huyu mwenyekiti ni mtani wangu. Kijiji kizima wanajua, wamecheka kwa hilo miaka yote. Sasa mwambie kwa nini ni mtani wangu. Ni kwa sababu mama yake, shangazi yangu Dorkasi, kazaliwa nyumba moja na baba yangu. Ziwa moja! Huyu naye ni mtoto wa mwanamke. Mwambie amlaze hapo achorwe.”

Tabasamu la Tobia likaisha lenyewe. Daktari akamtazama kwa makini, akauliza kama ana watoto.

“Ninaye mmoja. Rahabu. Yuko Mombo, kwa mama yake mdogo.”

“Kwa nini Mombo?” Zuhura akamtafsiria daktari.

“Shule,” akasema Tobia.

“Shule Kwembago ipo,” Yunis akasema. “Umeijenga wewe. Kila siku unatuhubiria.”

Daktari akauliza swali moja fupi. Zuhura alilitafsiri kwa sauti ya chini. “Rahabu anaanguka?”

Tobia alivua kofia akaishika mikononi, akaigeuza, akaigeuza. Yule aliyemwita Sefania kupe alikuwa amemchukua binti yake, akamshusha mlima mpaka chini kabisa, kule ambako kengele ya Kwembago haifiki. Alijua! Hata kama hakujua jina la ugonjwa, alijua mwanawe haiwezi kengele ile. Na bado kila asubuhi aliigonga mlangoni kwa mwenzake, na mwenyewe hakuanguka kwa sababu anayegonga hashtuki, anajua anagonga saa ngapi.

Akachorwa. Ugonjwa anao. Rahabu akaletwa na gari la hospitali, akachorwa, naye anao. Daktari akaondoa vitupu kwa watoto wote, akasema jaribio likiharibika na liharibike, na Klara akapata dawa ya kweli, chupa yenye jina lake mwenyewe. Hilo Yunis analikubali, hana roho ya kunyima mtu haki yake. Ila daktari alisema na neno jingine, ambalo Zuhura alilitafsiri likasikika mpaka barazani: kabla ya dawa yoyote, mtoto mwenye moyo huu asilale karibu na kengele. Yunis alicheka kwa uchungu. Neno hilo hilo alilisema ofisini, akalisema mkutanini, bila mashine na bila waya.

Rahabu ilibidi arudi kuishi Kwembago ili awe karibu na hospitali. Alirudi kwanza Mombo kuchukua vitu vyake, kisha akafika na lori la mboga lililokuwa linatoka huko, mchana, na kijiji kikampokea vizuri kwa vile ni mtoto na hana kosa. Yunis mwenyewe alimpelekea ndizi.

Lile lori halijageuza hata kurudi, Tobia alikuwa ameshaegemeza ngazi kwenye mkaratusi. Hakuitisha mkutano mkuu. Hakuitisha hata mdogo. Alipanda mwenyewe, akakata waya kwa panga, vijana wawili wakaipokea rimu chini, akaiweka begani kuipeleka kule kwenye kona ya shamba, mahali pale pale Yunis alipopaomba Sefania akiwa hai.

Yunis alikuwa kizingitini anachambua maharage, Klara ubavuni pake. Tobia alipita mbele yao, jasho linamtoka. Akalazimisha kicheko, kwa mazoea.

“Mtani! Leo huna la kuniambia?”

Watu waliokuwa barabarani wakageuka, midomo tayari kwa kucheka. Yunis aliacha maharage. Alimtazama Tobia, akaitazama ile rimu, kisha akatazama chini ya mkaratusi, pale kaka yake alipolala huku watu wakingoja ainuke.

“Kumbe ilikuwa inahamishika,” alisema.

Hakuna aliyecheka.